Mwali wa Chumba cha Juu

Nisrin aliacha kazi ya hoteli Julai ilipoanza, wakati ambapo hakuna mtu kisiwani Jerba, pwani ya Tunisia, mwenye akili zake anayeacha kazi ya hoteli. Wageni walikuwa wanamiminika, mabegi yamejaa ukumbini, na simu ya mapokezi inalia kama mtoto aliyefinywa. Meneja alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Unaacha kazi ili ukaandike?"

"Ndiyo, bwana."

"Uandike nini? Wasia?"

Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia angemwekea nafasi yake mpaka mwezi uishe, na baada ya hapo angemwajiri mpwa wake. "Na mpwa wangu unamjua," aliongeza kwa huzuni, "kwa hiyo nakuomba, binti yangu, ushindwe haraka urudi."

Nisrin hakuwa na nia ya kushindwa. Alikuwa na shahada ya fasihi, kompyuta iliyochoka, na imani moja aliyoibeba tangu chuoni: kwamba watu wangeoneana huruma zaidi kama wangesomana. Kwa miaka miwili, kila alipotoka zamu, alikuwa akiandika makala za mtandaoni na kulipwa kwa pongezi. Sasa jarida moja la Tunis lilikuwa limemjibu. Mhariri wake, Bwana Wajdi, alikuwa na sauti ya mtu aliyevuta sigara tangu tumboni.

"Nataka wanawake wa kwenu," alisema kwenye simu. "Wale ambao waume zao wana maduka ya vyakula Paris, wanaowaona kiangazi kwa kiangazi. Sitaki hesabu, sitaki historia. Nataka niwasikie wanavyopumua. Makala ikinigusa, kila mwezi una ukurasa wako na malipo yako. Isiponigusa, tutabaki kusalimiana."

"Lini, bwana?"

"Mwezi usiishe."

Basi mambo yalikuwa hivyo. Mwezi mmoja, makala moja. Upande mmoja ukurasa, upande mwingine mabegi ya wageni.

Tatizo la kwanza lilikuwa nyumba yenyewe. Nisrin alikuwa amedhani kwamba mtu akiacha kazi anapata nafasi. Hakujua kwamba katika nyumba yenye mama, bibi na shangazi wa jirani, mtu asiye na kazi ana kazi za watu wote.

"Nisrin, si uko nyumbani tu? Geuza pilipili huko juani zisioze."

"Nisrin, si umekaa tu? Nitungie uzi, macho yangu yamekwenda zake."

Shangazi Faiza alikuja na mapacha wake wawili, akawashusha uani kama magunia. "Naenda saluni mara moja, kuna harusi. Si huna kitu unafanya?"

"Nafanya kazi, shangazi."

"Naona, mpenzi. Basi nao wakae hapo wakuangalie unavyofanya."

Pia kulikuwa na chumba cha kaka yake, Lamjad, aliyeshika duka la marehemu baba yao huko Paris na aliyetarajiwa mwezi huohuo. Chumba kilitaka kupakwa chokaa. Nani apake? Si yuko nyumbani tu.

"Mama, mimi nafanya kazi," Nisrin alimwambia Bashira, mama yake, akiwa na chokaa puani.

"Najua, mwanangu. Ukimaliza kukaa, shuka unisaidie samaki."

Tatizo la pili lilikuwa wanawake wenyewe. Kila alipowafuata na kalamu, walibadilika wakawa kama watu waliofikishwa kituo cha polisi. Bi Salluha, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye ulimi wake ulikuwa haujawahi kupumzika tangu azaliwe, alikaa wima, akashusha shela yake, akasema, "Namshukuru Mungu. Mume wangu hajambo. Maisha ni mazuri. Andika hivyo."

"Lakini Bi Salluha, ile miaka yote Hajji Yunus alipokuwa ng'ambo—"

"Hajambo, nimekwambia. Weka nukta."

Wiki ya kwanza ilipokwisha, Nisrin alikuwa na sentensi moja, nayo hakuipenda.

Ndipo alipofanya uamuzi. Juu ya nyumba yao kulikuwa na chumba kidogo cha zamani, kile cha kunasa upepo, ambacho siku hizi kilihifadhi vitunguu na kiti kibovu. Alivitoa vitunguu, akaingiza godoro na meza. Mwanga wa jua ulikuwa ukipiga kioo cha kompyuta, akatundika blanketi dirishani. Akazima simu. Akamwambia mama yake: "Mpaka mwezi uishe sitoki, sipiki, sigeuzi pilipili, silei mapacha wa mtu. Wakiniulizia, sema niko juu."

Bashira aliona aibu. Haikuwa aibu ya mtoto wake. Ilikuwa aibu ya kueleza. Ungemwambiaje mtu kwamba binti yako ameacha mshahara wa kila mwezi akajifungia na vitunguu ili aandike? Kwa hiyo siku Bi Salluha alipopenyeza kichwa mlangoni akiomba chumvi, Bashira aliamua kusema machache.

"Mbona Nisrin haonekani?"

"Yuko juu."

"Haumwi?"

"Haumwi. Hatoki tu."

"Hatoki kabisa?"

"Kabisa."

"Hata juani?"

"Ameweka na blanketi dirishani."

Bi Salluha alisogea karibu. "Na kazi?"

"Kaacha."

"Na za nyumbani?"

"Hagusi kitu. Mpaka mwezi uishe."

Macho ya Bi Salluha yakajaa machozi. Akamkumbatia Bashira, akambusu shavu hili na hili, akasema, "Nilikuwa naomba niione siku hii kabla sijafa," akaondoka bila chumvi. Bashira alibaki mlangoni akishangaa. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba Bi Salluha anapenda maandishi kiasi kile.

Asubuhi yake yalikuja mayai, trei nzima. Mchana ikaja asali. Bi Mannana, mjane wa nyumba ya pembeni, alileta bakuli la unga wa shayiri iliyokaangwa, umekandwa kwa mafuta ya zeituni, wa kumtia mtu nguvu na minofu. Mwingine akaleta udongo laini wa kuoshea nywele. Shangazi Faiza alikuja mwenyewe kuwachukua mapacha, akawafinya mmoja mmoja: "Mkipiga kelele chini ya dirisha la Nisrin, nawauza!" Mtaa mzima ukanyamaza. Hata muuza samaki wa pikipiki, ambaye honi yake ilikuwa inaamsha wafu, alianza kuzima injini kwenye kona na kuisukuma.

Nisrin aliyasikia yote kutoka juu, na moyo wake mwororo ukayeyuka. Kumbe alikuwa amewadhulumu watu hawa! Yeye na wenzake wa chuo walikuwa wakikaa mkahawani na kulalamika kwamba nchi haiheshimu kalamu. Na huku mtaani kwake, mtu akijifungia kuandika, watu wanaleta mayai.

"Mama," alisema, mdomo umejaa asali, "tumewadharau sana majirani zetu."

"Na mimi nimeshangaa," Bashira alikiri.

Bibi Mabruka, mama wa marehemu baba yake Nisrin, alikuwa amekaa kwenye kona akichovya mkate kwenye bakuli lilelile la asali. Aliwatazama wote wawili. Alichovya tena.

Halafu wanawake wenyewe wakaanza kupanda ngazi. Walikuja wawili wawili baada ya sala ya alasiri, wakavua viatu, wakakaa chini kuzunguka godoro lake. Na safari hii hawakuwa watu wa kituo cha polisi. Walizungumza kama mabomba yaliyofunguliwa.

"Ya usiku tutakwambia siku nyingine," alisema Bi Mannana. "Ya usiku ni mepesi. Mazito ni ya mchana."

"Yeye akiwa hayupo, wewe ndiye fundi bomba, wewe ndiye baba, wewe ndiye wa kugombana na umeme," alisema mwingine. "Akirudi anakuuliza: nani kakuruhusu kukata mti? Mti! Umekauka tangu alipoondoka!"

Wakacheka wakipigana mapajani. Nisrin aliandika mpaka kidole kikaota lengelenge. Walimwona akiandika, hawakujali. Bi Mannana alisema hata ni vizuri, binti msomi haachi mambo kwenye hewa.

Na Bi Salluha, aliyeweka nukta wiki ile ya kwanza, alikuja siku moja peke yake. Alikaa muda akizungusha bangili.

"Nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu?" alisema. "Miaka yote ile, nilikuwa nahesabu miezi mpaka Yunus arudi. Napaka nyumba, nanunua nguo. Anafika, nalia kwa furaha. Siku ya tatu namwona jikoni kwangu, anafungua masufuria yangu, anauliza mbona hiki kiko huku, mbona kile kiko kule. Nasimama pale nikiwa na tabasamu, na moyoni nauliza: Ee Mola, meli inaondoka lini?" Akafuta jicho. "Inaondoka, nalia tena. Kwa hiyo usije ukajiona mbaya, mwanangu, yakikukuta. Unaweza kumpenda mtu, na ukaipenda na meli."

Nisrin alimshika mkono. Aliporudi mezani alijua kwamba amepata moyo wa makala yake. Maneno yaliyofuata yalikuja yenyewe, kama kuku wanaorudi bandani. Julai ilipokaribia ukingoni kazi ilikuwa karibu kwisha, nayo ilikuwa nzuri. Alijua kuwa ni nzuri kama unavyojua chai imekolea kwa kuiangalia rangi.

Ndipo Lamjad alipofika.

Alikuwa amesafiri na rafiki mwenye duka jirani na lake, mtu mzima aitwaye Abdulwahid, aliyekuwa na gari kubwa. Walivuka na meli ya kutoka Marsei, Ufaransa, na kuendesha usiku kucha kushuka kusini, gari limepakiwa hadi paani: majokofu, baiskeli, magodoro, na mashine ya kufulia aliyonunuliwa Bashira. Simu ilikuwa imepigwa asubuhi: "Nafika mchana, nakuja na mtu." Bashira akalirudia neno hilo kwa Shangazi Faiza. Shangazi Faiza akalirudia mtaani, na kwa mtaa ule neno "mtu" lilitosha.

Lamjad na Abdulwahid walipoingia uani, kila mmoja ameshika upande wake wa mashine ya kufulia, walipokewa na vigelegele vilivyotimua njiwa kutoka juu ya ukuta. Wanawake wa mtaa mzima walikuwa humo, wamevaa vizuri. Bi Salluha alimrushia Abdulwahid maji ya waridi usoni. Bi Mannana akamtia tende mdomoni. Mtu akamvika yasmini sikioni. Abdulwahid, mikono imeshika mashine, hakuweza kujitetea.

"Mzee kidogo," Shangazi Faiza alimnong'oneza mwenzake, "lakini ana mikono mizuri."

"Karibu, mkwe wetu!" alisema Bi Salluha. "Mwali yuko tayari! Mweupe kama jibini!"

"Mwali gani?" alisema Lamjad.

"Mkwe nani?" alisema Abdulwahid, akatema kokwa ya tende. "Jamani, mimi nina mke hapo mjini Midun! Nina wajukuu!"

Vigelegele vikakatika. Mashine ya kufulia iliguna mikononi mwao.

"Ana mke!" Shangazi Faiza akashika kichwa. "Bashira! Unamtoa binti wa watu awe mke wa pili? Sheria ya nchi hii imekataza tangu enzi za bibi zetu! Mtafungwa wote!"

"Mke wa pili wa nani?" Bashira alilia. "Mimi nimesema neno?"

Lamjad aliweka upande wake wa mashine chini. Abdulwahid hakuweka wake, kwa hiyo mashine ikamlalia mguuni, akaanza kuruka kwa mguu mmoja na yasmini yake sikioni, akiomba mtu yeyote asimpigie simu mkewe. Alikuwa amechelewa. Mwanamke mmoja alikuwa binamu wa mke huyo, na simu ilikuwa tayari sikioni.

Nisrin alisikia zogo akashuka mbio, nywele timutimu, wino kidevuni.

"Usitoke juani!" wanawake walipiga kelele kwa pamoja, na Bi Mannana akamtupia shela kichwani. "Mwali, utaharibu rangi!"

Chini ya shela ile, gizani, mambo yote yalimwangukia Nisrin kwa mpigo: mayai, asali, udongo wa nywele, ukimya wa muuza samaki. Mwali. Walidhani amewekwa ndani. Mtaa mzima ulikuwa umemhesabia hajba, yale majuma ya msichana kufichwa na kulishwa kabla ya harusi yake. Hakuna aliyekuwa ameleta yai kwa ajili ya kalamu.

Alicheka kwanza; asingeweza kujizuia. Kisha akakumbuka bangili za Bi Salluha zikizunguka, na kicheko kikamkauka. Wanawake wale walikuwa wamempa maneno yao kama unavyompa mwali. Na yeye alikuwa ameyaweka ndani ya makala, tayari kuyapeleka Tunis.

Akavua shela.

"Siolewi," alisema. "Hakuna bwana harusi. Mimi nilijifungia kuandika. Nilidhani mnajua. Wallahi, nilidhani mnaleta mayai kwa sababu naandika."

"Kwa sababu unaandika?" Bi Mannana aliuliza polepole. "Nani analeta mayai kwa sababu mtu anaandika?"

"Unaandika nini?" aliuliza Bi Salluha. Uso wake ulikuwa umeanza kuelewa kabla yake.

"Ninyi," Nisrin alisema. "Nimewaandika ninyi. Ni ya kuchapishwa."

Aliyejibu kwanza alikuwa Bibi Mabruka, kwenye kona yake. "Mimi nilijua tangu siku ya kwanza."

"Mama!" Bashira aligeuka. "Ukanyamaza?"

"Asali ilikuwa nzuri. Na mtoto alikuwa anahitaji utulivu. Ningesema, angepata vyote viwili?"

Kutoka nje ya mlango ilisikika kikohozi cha Hajji Yunus, aliyekuja kumsalimu Lamjad. Bi Salluha aligeuka mweupe kuliko mwali yeyote. Akamvuta Nisrin kando, akamwambia chini kwa chini, "Yale yangu. Yale ya meli. Yatoe."

Nisrin alikuwa na siku moja tu iliyobaki. Aliyaona macho ya Bi Salluha, na hakupigana. "Nitayatoa, Bi Salluha. Naapa."

Na aliyatoa. Akakaa uani mbele ya wote na kompyuta magotini, akamwita mmoja mmoja, akamsomea kipande chake, akamuuliza: kibaki au kiende? Karibu vyote vilikwenda. Mmoja alisema mkwewe anajua kusoma. Mwingine alisema mti ule watu wote wanaujua. Shangazi Faiza, ambaye hakuwa ametoa neno lolote, alidai atolewe naye. Bi Mannana peke yake alisema chake kibaki, mumewe yuko makaburini na hana tabia ya kununua majarida. Jua lilipopoa, makala ilikuwa kama kuku aliyenyonyolewa, na Nisrin akampigia Bwana Wajdi akamweleza yote bila kujipendelea.

Mhariri alicheka akakohoa, akakohoa akacheka. Kisha akasema, si kwa ukali, "Pole, binti. Umefanya vyema. Lakini mimi ukurasa siwezi kuujaza kwa vyema. Una mpaka kesho jioni."

Nisrin alikaa kwenye ngazi. Alikuwa anafikiria sare ya hoteli, kama bado ingemtosha baada ya asali yote ile. Mama yake alikuja akakaa ngazi ya chini yake, akiwa na sinia ya dengu za kuchambua.

"Mwezi mzima," Bashira alisema bila kuinua macho, "umekaa juu unauliza wanawake wa mtaa. Mimi hukuniuliza."

Ilikuwa kweli. Baba yao naye alikuwa mtu wa duka la Paris hadi kufa kwake. Mwanamke aliyekuwa akimtafuta alikuwa akimpikia samaki.

"Sikukuuliza, mama, kwa sababu..."

"Baba yenu akifika, ninyi mnamkimbilia. Mimi nasimama mlangoni. Mnadhani nimechoka. Nilikuwa namwonea haya. Kila mwaka nilikuwa namwonea haya upya, kama siku ya kwanza, siku mbili, tatu. Natandika kitanda na sijui niweke mito wapi. Nikishamzoea, anafunga mabegi." Akatupa kijiwe kilichojificha kwenye dengu. "Nimeolewa mara nyingi sana mimi. Zote kwa mtu mmoja. Andika, na jina langu liweke. Hakuna wa kumficha."

Nisrin aliandika palepale kwenye ngazi, akifuta macho kwa kiwiko, na mama yake akaendelea kuchambua dengu na kusema.

Kesho yake asubuhi Bi Salluha aliingia bila kubisha hodi.

"Eti Mannana kabaki?"

"Kabaki, Bi Salluha. Na mama."

"Bashira sawa. Lakini Mannana! Mumewe alikuwa anauza ndala Gabes, hapo bara! Hata Ufaransa hakuiona kwenye kalenda! Leo yeye ndiye wa kueleza habari za meli?" Akakaa kwa kishindo. Hasira ikamtoka kama mvuke, na chini yake kukabaki kitu kingine. "Nimeyabeba yale maneno miaka, mwanangu. Nilikupa wewe nikidhani una safari hiyohiyo. Haya, huna. Sasa nimpe nani? Nirudi nayo nyumbani?" Akavuta pumzi. "Yarudishe. Usiweke jina. Na yawe kabla ya ya Mannana."

Wengine waliosikia kwamba Salluha amerudi walirudi nao, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na sharti lake. Yule wa mti aliomba mti uwe mtende. Nisrin alimwambia hawezi kuandika uongo, wakapatana uwe mti tu, bila kutajwa ni mti gani. Shangazi Faiza alidai aingizwe, na akakumbushwa kwamba mumewe ni dereva wa teksi hapahapa kisiwani na anarudi kula kila mchana. "Hayo ndiyo mateso yenyewe!" alisema, lakini hakuingizwa.

Makala iliondoka alasiri. Jibu la Bwana Wajdi lilikuwa fupi: "Imenigusa. Ukurasa ni wako. Mwezi ujao unaandika nini?"

Nisrin alikwenda hotelini mwenyewe kumwambia meneja. Alipofika mapokezi, mpwa alikuwa ameshakaa, akimpa Mjerumani ufunguo wa chumba cha watu wengine. Meneja alimtazama Nisrin kwa macho ya mtu anayezama. "Umefaulu?" aliuliza. "Nimefaulu," alisema Nisrin, na kwa huruma akakaa nusu saa akawatafutia Wajerumani vyumba vyao.

Jarida lilipofika kisiwani lilisomwa kinyozini, sokoni na kwenye duka la dawa. Hajji Yunus alilisoma kwa sauti uani kwake, kila mtu akimsikia kupitia ukutani. Alipofika penye meli alicheka mpaka akakohoa. "Masikini mume wa mama huyu!" alisema. "Salluha, umesikia? Masikini mtu huyo!"

"Nimesikia," sauti ya Bi Salluha ilijibu kutoka jikoni. "Mungu ampe subira."

Nisrin, juu, alikuwa amekaa mbele ya ukurasa mweupe. Mwezi mpya ulikuwa umeshaanza kumtafuna na hakuwa na neno. Alikuwa amegeuza kiti mara tatu na kunywa chai mara nne aliposikia nyayo kwenye ngazi, nzito, zikipumzika kila hatua chache. Akadhani ni Bibi. Alikuwa Hajji Yunus, na tikiti maji kubwa kwapani, akihema.

"Salaam, mwanangu. Usishuke, kaa." Aliliweka tikiti sakafuni, akachungulia ngazi nyuma yake, akafunga mlango. "Mwanamke huyo wa meli."

Nisrin aliweka kikombe chini. "Sijamtaja mtu, Hajji. Niliahidi."

"Na mimi sikuulizi. Nimeishi naye miaka arobaini, nisijue anavyosema?" Alivua kofia yake nyekundu, akaipapasa. Hakuwa na hasira. Alikuwa na haya, kama kijana aliyetumwa posa. "Yeye ana yake. Ni kweli, yote ni kweli. Lakini hakuna aliyekuja kuuliza sisi tulikuwa tunarudi wapi. Unafanya kazi dukani mwaka mzima, unalala juu ya magunia ya mchele, unaota nyumba yako. Unafika. Watoto wanakuita wewe, lakini wanamwangalia mama yao kwanza kujua kama wakujibu. Unaingia jikoni kutafuta glasi ya maji, nyumba yako mwenyewe uliyoijenga, na hujui glasi ziko wapi. Unaona haya kuuliza. Basi unafungua kila kitu."

Alikaa chini kwenye godoro, akanyoosha miguu, akajiweka sawa kama mtu mwenye maneno mengi.

"Usimwambie Salluha kwamba nimekuja," alisema. "Una kisu cha tikiti? Haya, kaa uandike."